Wi-Fi ya Kampuni, Umeme wa Shangazi

Mwezi Juni 2014 kampuni ya Comcast iliwasha mtandao wa pili wa Wi-Fi ndani ya ruta zipatazo 50,000 zilizokuwa majumbani mwa wateja wake jijini Houston, Texas. Hakuna fundi aliyebisha hodi. Amri ilipita kwenye waya uleule unaoleta intaneti, na ruta iliyokuwa ikitangaza jina moja ikaanza kutangaza mawili: la wenye nyumba, na la kampuni, yaani xfinitywifi. Tangu hapo mteja yeyote wa Comcast aliyepita nje ya nyumba hiyo aliweza kuingia mtandaoni kwa akaunti yake mwenyewe. Kampuni ilisema asiyeutaka mtandao huo anaweza kuuzima. Kuulizwa kabla haujawashwa hakukuwemo.

Mpango ulikuwa umeanza mwaka mmoja nyuma katika miji mingine ya Marekani. Leo vituo vya Wi-Fi vya kampuni hiyo vinahesabiwa kwa mamilioni, na sehemu kubwa yake ni ruta za majumbani.

Houston nayo ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili: Watanzania, Wakenya, na familia za Kikongo zilizofika huko kama wakimbizi. Ndiyo maana mjadala huu umewekwa kwao. Wanaozungumza ni watu wa kubuni. Hoja zao si za kubuni, na matukio ya kampuni, mahakama na polisi wanayoyataja yalitokea kweli.

Wako wanne. Shangazi, mzaliwa wa Tanga, ni muuguzi msaidizi wa zamu za usiku, na ruta ya kukodi iko sebuleni kwake. Mpwa wake ni mwanafunzi wa chuo anayeishi zaidi kwenye kimbweta, maktaba na kituo cha basi kuliko chumbani kwake. Mzee ni jirani; alikuwa fundi wa redio na simu Dar es Salaam kabla hajawafuata wanawe Marekani. Wa nne ni kaka mkubwa wa yule mpwa, yuko Nairobi, na anasikika kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya chai katikati ya meza.

Shangazi ndiye aliyeanza.

“Kila mwezi nalipia intaneti. Juu yake nalipia kodi ya hilo dude lenyewe. Umeme nalipia mimi. Halafu mtu nisiyemjua yumo garini huko nje, anaangalia mpira kwa ruta yangu. Sasa niambieni, mimi ni mteja wao au ni mfanyakazi wao nisiyelipwa?”

“Shangazi, huyo wa garini hatumii intaneti yako,” mpwa akamjibu. “Mtandao wa pili umetengwa na wako. Haoni simu yako wala printa yako. Anachopakua hakihesabiwi kwenye kiwango chako. Na ameingia kwa jina lake na nywila yake, kwa hiyo akifanya uhuni huko mtandaoni, kumbukumbu zinamtaja yeye, hazikutaji wewe.”

“Hayo wamesema wao.”

“Wamesema wao, ndiyo, lakini nawe ukienda zamu unatumia ya wengine. Juzi ulinipigia kwa video ukiwa nje ya duka la dawa. Ile ilikuwa Wi-Fi ya nani?”

Shangazi akanyamaza kidogo. Mpwa akaona mlango umefunguka, akaingia moja kwa moja. Akakumbusha kimbunga Harvey, mwishoni mwa Agosti 2017, Houston ilipozama majini: Comcast ilifungua vituo vyake vya Wi-Fi eneo hilo kwa kila mtu, mteja na asiye mteja. Machi 2020 ikafanya hivyo nchi nzima kwa vituo vya biashara na vya nje, wakati shule zimefungwa kwa sababu ya korona na watoto wasio na intaneti nyumbani wakisomea kwenye magari ya wazazi wao, maegeshoni. “Mtandao uliotawanyika hivyo,” akasema, “haujengwi siku ya maafa. Ama unao tayari, ama huna.”

Ni hoja nzito, na wapinzani wa mpango huo hupenda kuipitia juu juu. Hata hivyo inahusu vituo vilivyo wazi kwa umma zaidi kuliko ruta iliyo chini ya televisheni ya Shangazi.

Mzee alikuwa akisikiliza huku anapuliza chai. “Mwanangu,” akasema, “kwenye waya umetenga njia mbili, sawa, nakubali. Na hewani je?”

Mpwa akamtazama.

“Ruta ina redio. Redio hiyohiyo ndiyo inayotangaza jina la shangazi yako na jina la kampuni. Wawili hawasemi kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja; mmoja akisema, mwingine anangoja. Na kwenye gigahezi 2.4, hapa Marekani, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Sasa tazama nyumba hizi za ghorofa. Kuta nyembamba, kila mlango una ruta yake, kila ruta inatangaza majina mawili au matatu. Mgeni akiwa mbali, ishara yake dhaifu, ruta inalazimika kumhudumia polepole, na muda ule wa hewani umekatwa kwa shangazi yako. Kidogo, sikatai. Lakini usimwambie kwamba hapotezi kitu.”

Kwa kipimo cha ufundi Mzee yuko sahihi. Ruta za siku hizi zina nafasi kubwa zaidi kwenye masafa ya gigahezi 5, na nyumba iliyo peke yake yenye ua mpana haitahisi tofauti yoyote. Lakini Shangazi haishi kwenye nyumba yenye ua mpana.

Suala la umeme lilifika mahakamani. Desemba 2014 familia moja ya California iliishtaki Comcast katika mahakama ya shirikisho, ikidai kwamba kampuni inatumia vifaa na umeme wa wateja kujenga mtandao wake wa kibiashara bila ruhusa yao, na kwamba wageni wanapunguza kasi na kuongeza hatari za kiusalama. Kwa nyumba moja umeme huo ni senti tu, na kuupigania peke yake kunaweza kuonekana kichekesho. Zidisha hizo senti kwa mamilioni ya nyumba, na ndipo unapoona kwa nini kampuni ingependa bili ziendelee kwenda kwa wateja.

“Basi tuseme nimekubali,” Shangazi akarudi. “Mbona hata kuunganisha kwenyewe ni taabu? Nabonyeza jina, inasema imeunganishwa, intaneti hakuna.”

Hapa mpwa alikuwa kwenye uwanja wake. Watu wengi hushindwa mahali hapa hapa, na wengi huilaumu simu bure.

Simu ikijiunga na mtandao wa wazi wa aina hii, haipewi intaneti mara moja. Inafungiwa getini mpaka mwenye nayo ajitambulishe. Ili kujua kama iko getini, simu huomba kimyakimya ukurasa mdogo sana wenye jibu linalojulikana. Simu za Apple huuomba kwa Apple, za Android kwa Google. Jibu la Google ni namba 204 tu, bila maandishi yoyote. Jibu likirudi kama lilivyotarajiwa, njia ni nyeupe. Kikirudi kitu kingine, simu inatambua kuwa kuna geti, na inafungua ukurasa wa kuingiza jina na nywila. Tatizo ni pale ukurasa huo usipojitokeza. Mtu anafungua tovuti ya benki au ya habari, nayo inakataa kabisa kufunguka, kwa sababu tovuti zenye kufuli la usalama haziruhusu mtu wa kati abadilishe kinachopita, hata kama mtu huyo wa kati ni mwenye geti halali. Dawa ni kufungua tovuti isiyo na kufuli. Ipo moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, neverssl.com, na mafundi wengi wanaijua kwa kichwa.

Kuna kikwazo kingine kipya zaidi. Mageti mengi humkumbuka mteja kwa anwani ya MAC, ile namba inayokitambulisha kifaa hewani. Tangu Android 10 mwaka 2019 na iOS 14 mwaka 2020, simu hubuni namba ya bandia kwa kila mtandao ili wenye Wi-Fi wasiweze kumfuatilia mtu toka duka hadi duka. Ni ulinzi mzuri. Lakini ukifuta mtandao kwenye simu au ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, namba inaweza kubadilika, geti likakuona mgeni. Kama kampuni imeweka kikomo cha idadi ya vifaa kwa akaunti moja, simu moja inaweza kuhesabiwa mara mbili na kula nafasi ya kompyuta. Dawa yake ni kuingia kwenye akaunti na kufuta vifaa vya zamani, jambo ambalo hakuna anayelifanya mpaka akwame.

“Na TV?” Shangazi akauliza. “Binti wa jirani alitaka kuiunganisha TV yake kwenye hiyo ya bure.”

TV, printa na mashine za michezo mara nyingi hazina kivinjari cha kufungulia ukurasa wa geti. Zitaonyesha alama ya Wi-Fi na zitabaki hapo. Baadhi ya watoa huduma huruhusu mteja kuandikisha namba ya kifaa kwenye akaunti. Pasipo hivyo, inabidi kompyuta iingie kwanza kisha iigawie TV. Kwa kweli, mtandao wa wapita njia haukutengenezwa kulisha TV ya sebuleni usiku kucha, na anayeutegemea hivyo atakatwa mara kwa mara.

Mzee akaweka kikombe chini. “Mnazungumzia kuingia. Mimi nauliza nani yuko getini. Jina xfinitywifi naweza kuliandika hata mimi kwenye simu yangu nikalitangaza. Simu yako itanijua kuwa mimi siye?”

Haitajua. Kwenye mtandao wa wazi simu inakumbuka jina, haimkumbuki aliyelitangaza. Iliyowahi kujiunga na xfinitywifi mara moja inaweza kujiunga yenyewe na xfinitywifi nyingine yoyote, ya kampuni au ya tapeli. Nchini Australia, katikati ya 2024, Polisi ya Shirikisho ilimfungulia mashtaka mwanamume mmoja wa Australia Magharibi kwa kutangaza mitandao ya kuigiza kwenye viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide na ndani ya ndege. Waliojiunga walipelekwa kwenye ukurasa bandia uliowataka waingie kwa barua pepe au akaunti za mitandao ya kijamii. Waliogundua mwanzo walikuwa wafanyakazi wa shirika la ndege, baada ya kuona angani Wi-Fi isiyo yao.

“Hizo ni hadithi za kuogofya, Mzee,” mpwa akasema. “Mwaka 2010 ulikuwa na haki. Ilitoka programu inaitwa Firesheep, mtu asiye fundi aliketi mkahawani akaingia kwenye Facebook za watu walio meza za jirani. Siku hizi karibu kila tovuti ina kufuli. Jirani haoni ninachoandika.”

“Na kampuni yenyewe?”

Mpwa hakuwa na jibu la haraka, na sababu ipo. Septemba 2014 ilibainika kwamba Comcast ilikuwa ikipachika matangazo yake ndani ya kurasa za watu wengine, kwa waliokuwa wakitumia vituo vyake vya umma. Mtu anasoma tovuti fulani, katikati linajitokeza tangazo ambalo mwenye tovuti hakuliweka. Kufuli la tovuti ndilo linalozuia mchezo huo, na wakati ule tovuti nyingi hazikuwa nalo.

Ipo njia bora kuliko kubishana juu ya mtandao wa wazi, na mpwa aliitaja alipotulia. Kampuni hiyo ina mtandao mwingine kwa wateja wake, wenye usimbaji. Mteja anapakua programu ya kampuni, inaweka kitambulisho ndani ya simu mara moja tu, na baada ya hapo simu hujiunga yenyewe, bila ukurasa wa geti, huku ikihakikisha kwanza kwamba inayozungumza nayo ni seva ya kampuni. Tapeli anaweza kuiga jina; cheti hawezi. Wanafunzi wanaujua utaratibu huu kupitia eduroam, mtandao ulioasisiwa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 unaomwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kuingia Wi-Fi ya chuo kingine kwa akaunti yake ya nyumbani.

“Hiyo hata huku ipo,” sauti ya Nairobi ikaingilia. “Vyuo vyetu vinaipata kupitia KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya; Uganda wanaipata kupitia wa kwao, RENU. Lakini mimi nawashangaa mnavyogombana. Huku mtu anatafuta Wi-Fi, nyinyi mnaikataa iliyokuja sebuleni.”

Kaka huyo alikuwa na mifano. Kibera na mitaa jirani, kampuni ya poa! imeuza intaneti ya mtaani kwa watu ambao bando la simu linawamalizia mfuko. BRCK, pia ya Nairobi, iliweka huduma ya Moja ndani ya mabasi na matatu: abiria hakutoa pesa, alitazama tangazo au kujibu maswali, kisha akapewa muda wa mtandao. Facebook nayo ilikuwa na Express Wi-Fi, iliyopita kwa watoa huduma wa ndani katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, mpaka ilipotangaza mwaka 2022 kwamba inaufunga mradi huo. Serikali ya Kenya iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi masokoni na mahali pengine pa umma.

“Tofauti ni moja,” Mzee akaiambia simu. “Huko kituo kimefungwa dukani, mwenye duka anajua, na mara nyingine anapata chake. Kwenye matatu mwenye gari aliafiki. Abiria naye alijua kwamba analipa kwa kutazama tangazo. Hapa mama huyu hakuafiki kitu.”

“Lakini Mzee, angeulizwa angekubali?”

Kimya. Shangazi akasema: “Ningeuliza napata nini.”

Wakati mijadala mingi ya vituo hivi inabaki kwenye kasi na wezi, swali la Shangazi linagusa fedha. Mwaka 2017 Comcast ilianza kuuza huduma ya simu za mkononi, Xfinity Mobile. Haikujenga minara, ilikodi mtandao wa kampuni ya simu ya Verizon. Kila data inayopita kwenye minara hiyo ina gharama kwa Comcast. Inayopita kwenye Wi-Fi yake haina. Kwa hiyo simu za wateja hao hupangwa ziruke kwenye Wi-Fi ya kampuni kila zinapoikuta, na sehemu kubwa ya Wi-Fi hiyo imo majumbani. Ruta ya Shangazi, pamoja na kazi zake nyingine, ni mnara mdogo wa kampuni ya simu, na mpangaji wake ndiye anayelipa kodi. Ni kama mwenye nyumba kukodisha baraza yako kwa muuza chapati, kisha kukutoza wewe mkaa.

Njia nyingine iliwahi kujaribiwa kabla. Fon, iliyoanzishwa Madrid na mfanyabiashara Martin Varsavsky na kuungwa mkono na Google na Skype mwaka 2006, ilimwuliza mwenye ruta kwanza na ikampa hiari ya malipo. Aliyeshiriki Wi-Fi yake ili naye atumie ya wenzake bure aliitwa Linus; aliyetaka mgawo wa fedha za wageni aliitwa Bill; asiyeshiriki chochote aliitwa Alien, na alilipa. Majina ya utani, lakini hesabu ilikuwa wazi kwa kila upande.

Mpwa, mwishowe, hakuacha msimamo wake wote. Alishikilia kwamba mtandao wenyewe una faida, kwamba anayepita njiani bila bando ana haki ya kupata msaada, na kwamba kuzima kila ruta kwa kinyongo kutawaumiza wanafunzi zaidi kuliko kampuni. Mzee alishikilia kwamba kinachowekwa ndani ya nyumba ya mtu bila kuulizwa kinabaki kuwa na kasoro hata kiwe na manufaa. Kaka wa Nairobi alikata simu kwa sababu bando lake lilikuwa linakwisha. Hilo liliwachekesha wote.

Gazeti hili linaegemea upande wa Mzee kuhusu ruhusa, na wa mpwa kuhusu matumizi. Mtandao wa wapita njia uwe umezimwa mpaka mteja auwashe mwenyewe, na anayeuwasha apunguziwe kodi ya ruta. Kampuni inayookoa fedha za minara kwa kutumia sebule za watu inaweza kumudu punguzo hilo. Anayetumia vituo hivyo aingie kwa programu ya kampuni kwenye mtandao wenye usimbaji, aufute ule wa wazi kutoka kwenye orodha ya simu yake, na asiandike nywila ya barua pepe kwenye ukurasa wowote wa geti. Na msomaji mwenye ruta ya kukodi, popote alipo, aingie kwenye akaunti yake leo atazame kama mtandao wa pili umewashwa. Akiukuta, kuuacha au kuuzima ni hiari yake, na kuiandikia kampuni kuuliza anapata nini ni haki yake.